Nani Anaimba Hapo?

Nyumba nyingi za Kutus, mji wetu wa Kirinyaga, zina muziki ambao hakuna anayeweza kuusikia. Umo ndani ya kabati la sebuleni, chini ya vyombo vya wageni, au ndani ya katoni darini: kaseti zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, nyingine hazina maandishi yoyote, na mara moja moja santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, zilizonunuliwa River Road, Nairobi, na kijana aliyeona aibu kurudi nyumbani Krismasi bila wimbo mpya. Redio kaseti iliyokuwa ikizicheza ilikufa zamani. Fundi aliyekuwa akiitengeneza siku hizi anatengeneza simu. Hakuna aliyekaa akaamua kuunyamazisha muziki huo. Simu zilikuja na nyimbo zao, sebule ikaendelea kuwa na kelele, na kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimeondoka.

Muziki huo unaweza kurudi sebuleni, na mashine ya kuurudisha si ghali wala si ngumu. Ni kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ambayo ukiiweka mezani unaweza kuifunika kwa kiganja. Ilibuniwa Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya kuwafunza vijana namna kompyuta inavyofanya kazi kwa ndani, na toleo la kwanza likaanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Haina kioo wala kibodi. Ni ubao mtupu wa saketi, milimita 85 kwa 56, na kila inachokijua kimo katika kadi ya memori kama ile tunayotia kwenye simu. Ilibuniwa kwa ajili ya masomo, lakini wapenda muziki waliona upesi kwamba kitu kama hiki kinaweza kukaa nyuma ya spika mwaka mzima bila mlio wa feni, kikila stima kidogo kuliko balbu ya zamani.

Kuiandaa ni kazi ya jioni moja. Unapakua programu ya bure, kama Volumio au moOde, unaiandika kwenye kadi kwa kutumia laptopu, unaichomeka kadi, unaunga waya wa stima na waya wa spika. Ndani ya programu hizo mbili kuna programu nyingine ya chini iitwayo MPD, iliyoanza 2003, nayo ndiyo inayofanya kazi yenyewe ya kusoma faili na kutoa sauti. Kitundu cha sauti, kwenye matoleo yaliyo nacho, ni dhaifu. Ukikitumia utasikia mvumo nyuma ya wimbo. Afadhali kununua kadi ndogo ya sauti ya USB na kuiunga kwenye amplifaya. Amplifaya si lazima iwe mpya. Zile nzito za zamani, ambazo watu walipanda nazo matatu kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, wakiwa wamezipakata, bado zina nguvu, na kinachohitajika ni kuzipangusa vumbi.

Baada ya hapo simu inakuwa rimoti. Na hapa pana jambo ambalo wageni wangu hawaliamini mpaka walione: waifai ya nyumbani si lazima iwe na intaneti. Ruta isiyo na bando hata kidogo bado inaikutanisha simu na kompyuta iliyo kabatini, na nyimbo zinapigwa mchana kutwa bila mtu kulipa hata shilingi. Nimeona nyuso za watu zikibadilika wanapolielewa hilo. Tumezoea kuamini kwamba muziki uko mahali fulani mbali, na kwamba kila tunapouhitaji lazima tulipe nauli ya kuuleta.

Kazi ya pili ni kuzitoa nyimbo kwenye kaseti, na hiyo haina njia ya mkato. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60 kunakiliwa. Unatafuta redio kaseti moja iliyo hai, unasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, unavuta waya kutoka tundu la visikizi mpaka kwenye laptopu, unawasha programu kama Audacity, kisha unakaa. Utepe unapita sentimita 4.76 kila sekunde, sawa na ulivyopita siku ile uliponunuliwa, na hauna haraka. Mimi nimeipenda sehemu hii kuliko zote. Inakulazimisha kusikiliza upande mzima, pamoja na nyimbo ambazo usingezichagua, pamoja na pale mtu alipobonyeza kitufe cha kurekodi bila kukusudia na sauti ya jogoo na ya mtoto ikaingia katikati ya ubeti.

Halafu kuna swali la namna ya kuhifadhi. MP3, iliyotokana na utafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani na kupewa jina hilo la faili mwaka 1995, hupunguza ukubwa kwa kutupa sauti ambazo sikio la kawaida halitazikosa. Katika kiwango kilichozoeleka zamani, cha kilobiti 128 kwa sekunde, kinachobaki ni kama sehemu moja ya kumi na moja ya ilivyokuwa kwenye CD. FLAC, iliyotoka 2001, hubana bila kutupa chochote, na faili yake huwa karibu nusu ya ile ya awali. Mkulima wa mpunga wa Mwea ataielewa tofauti hii bila somo refu: FLAC ni mpunga na MP3 ni mchele. Mpunga unachukua nafasi kubwa ghalani, lakini wakati wowote unaweza kuukoboa ukapata mchele. Mchele huwezi kuurudisha kuwa mpunga, wala huwezi kuupanda. Kwa hiyo kaseti za wazazi nazihifadhi kwa FLAC, ingawa utepe wenyewe una mkwaruzo na mvumo, kwa sababu sijui mtu wa kesho atakuwa na masikio gani au vifaa gani. Kadi ya gigabaiti 64 inaweza kubeba kaseti zaidi ya 150 kwa namna hiyo. Ni nyumba chache zenye kaseti nyingi kiasi hicho.

Mpaka hapo hakuna lililo gumu. Ugumu unaanza kompyuta inapouliza jina.

Kila faili ya muziki ina nafasi ndani yake ya kuandikwa msanii, wimbo, mwaka, mtunzi na maelezo. Mfumo wa kwanza wa kuandika hayo ndani ya MP3, wa mwaka 1996, ulitoa herufi 30 tu kwa jina la wimbo na 30 kwa msanii. Uliofuata ukapanua nafasi. Usipojaza, programu inajijazia yenyewe: wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, msanii asiyejulikana. Nyimbo mia mbili za msanii asiyejulikana, kwenye kioo cha simu, ni orodha ya kusikitisha kuiangalia. Hao watu walijulikana. Walijulikana kwa majina, kwa vijiji walikotoka, kwa nani alipiga gitaa la pili, na nani aliacha kundi akaanzisha lake.

Na hata unapojua jina, lazima uliandike kwa namna moja. Ukiandika “J. Kamaru” hapa, “Joseph Kamaru” pale, na “Kamaru na Catherine” kwenye faili ya tatu, kompyuta inawaona wasanii watatu na kuwatawanya. Ukiandika Kikuyu wakati mwingine na alama za juu za ĩ na ũ na wakati mwingine bila, wimbo mmoja unakuwa nyimbo mbili, na mtafutaji anaupata mmoja tu. Ni kazi ya kukaa na subira, jina baada ya jina, na sikubali kwamba ni kazi ya karani. Anayeandika jina sahihi kwenye faili anamrudishia mtu nafasi yake.

Joseph Kamaru ndiye mfano unaonifikirisha zaidi. Alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, akavuma kuanzia 1967 kwa wimbo wa Celina aliouimba na dada yake, Catherine Muthoni, akawa kwa miaka mingi sauti ambayo Wakikuyu waliisikiliza kama wanavyomsikiliza mzee wa baraza. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Ana mjukuu anayeitwa pia Joseph Kamaru, kwa desturi yetu ya kumrudisha babu kwa jina lake. Mjukuu huyo ni msanii wa sauti anayejulikana duniani kwa jina la KMRU. Alikwenda Berlin kusomea sanaa hiyo, na albamu yake Peel ilitoka 2020. Muziki wake ni mawimbi marefu ya sauti yanayopanda na kushuka polepole, hauna gitaa la benga wala maneno ya kuonya. Ni huyo huyo aliyechukua rekodi za babu yake, akazisafisha na kuanza kuzitoa tena kwenye Bandcamp, ambako mtu anaweza kununua faili halisi na kuiweka nyumbani kwake.

Sasa weka muziki wa wote wawili kwenye kompyuta moja, uwaandike kwa majina waliyopewa nyumbani. Kompyuta itawafanya mtu mmoja: wimbo wa babu, kisha mjukuu, kisha babu tena, kana kwamba kijana wa Kangema aliweka gitaa chini siku moja akaanza kurekodi mvumo wa nyaya na upepo. Wakikuyu hawawachanganyi hivyo, ingawa ndio waliotoa jina moja kwa watu wawili. Tunajua nani ni nani kwa sababu kuna mtu aliye hai anayetuambia: huyu ni wa fulani, yule alikuwa babu yake. Kompyuta inahitaji kuambiwa hivyo hivyo, na wa kuiambia wanapungua.

Ndiyo sababu siku hizi sinakili kaseti mama asipokuwepo. Anakaa kwenye kiti chake na chai, mimi kwenye stuli karibu na laptopu, na daftari liko kati yetu. Kaseti moja haikuwa na maandishi upande wowote. Gitaa lilipoanza aliinua mkono nisiseme kitu.

“Nani anaimba hapo, mama?”

“Jina lake silijui. Lakini ni mtu wa huku, wa Gichugu. Hebu msikie anavyomalizia maneno. Mtu wa Murang'a hatamki hivyo.”

Nikaandika: wa Gichugu, jina halijapatikana. Kwenye kaseti iliyofuata alikuwa Kamaru, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha mama alikwisha kusema kwamba ile sauti ya juu ni ya dada yake, na kwamba siku hizo wasichana walikuwa wakigombania kuimba sehemu ya Catherine wakichuma kahawa. Hakuna programu iliyo na nafasi maalumu ya kuandika hilo, nami nikaona ni kasoro ya programu. Nikalitia katika sehemu ya maelezo, ambayo kwa kawaida watu huiacha tupu.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa upana mkubwa. Ketebul Music ya Tabu Osusa, Nairobi, ilitoa mwaka 2010 mkusanyo wa muziki wa Wakikuyu pamoja na kitabu na filamu, baada ya ule wa benga wa 2008. Jimmy Rugami amekuwa akiuza na kufufua santuri katika Soko la Kenyatta, Nairobi, tangu 1989, na kibanda chake kimekuwa mahali pa kuulizia wimbo ambao hakuna mwingine anayeukumbuka. Nawaheshimu sana. Lakini kila mkusanyo huchagua, na redio nazo huchagua. Kameme ilipoanza mwaka 2000 na Inooro 2003, nyimbo za Kikuyu zilirudi hewani kwa wingi, na hata hivyo zile zinazopigwa ni zile zile ambazo kila mtu anazijua. Yule mtu wa Gichugu hatapigwa. Ikiwa alirekodi santuri moja tu, ikauzwa sokoni Kutus na Kerugoya na Kianyaga, basi kumbukumbu yote ya kazi yake imo makabatini mwetu.

Kuna sababu nyingine ya kutoliachia jambo hili taasisi kubwa. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipouawa Machi 1975, Kamaru alitoa wimbo wa kumlilia, na wimbo huo ukapigwa marufuku redioni. Uliishi kwa sababu watu walikuwa nao nyumbani. Walifunga mlango wakaucheza kwa sauti ya chini, wakanakili kwa jirani. Nyumba zilitunza kile ambacho mtangazaji aliamriwa asikitunze, na nyumba hizo hazikuwa na chumba cha kumbukumbu wala bajeti. Zilikuwa na kabati.

Nazo zipo sauti ambazo hazikupata hata kabati. Mashamba ya mpunga ya Mwea, yanayoanza ukiteremka kutoka Kutus, yalichimbwa mifereji yake ya kwanza miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu wa Mau Mau waliokuwa katika kambi za huko. Nyimbo za Mau Mau tunazo kwa maneno: Maina wa Kinyatti alizikusanya na kuzichapisha London mwaka 1980 kwa tafsiri ya Kiingereza. Kitabu hicho nakithamini, lakini jinsi kundi la watu waliochoka walivyovuta pumzi kati ya ubeti na ubeti haimo humo. Ninapofikiria hilo, kaseti yenye mkwaruzo na jogoo ndani yake naiona kuwa mali.

Sina ugomvi na wanaosikiliza kwa mtandao. Mimi pia nasikiliza, na nyimbo nyingi nimezikuta YouTube, zimewekwa na watu wanaozipenda. Tatizo ni kwamba huko jina likikosewa mara moja linakosewa milele, na mwenye akaunti akifuta, wimbo haupo tena. Nyumbani jina likikosewa mama analirekebisha.

Sheria nayo ni vizuri kuijua. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utungo unalindwa mpaka miaka 50 ipite baada ya mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi yenyewe miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Tungo za Kamaru zinalindwa mpaka mwisho wa 2068. Kaseti ya mama naisikiliza sebuleni mwa mama. Siipandishi mtandaoni wala siiuzi kwenye flashi za matatu. Rekodi ambazo familia inaziuza, nazinunua kwa familia. Msanii aliyefariki hawezi kudai, na hilo linanifanya niwe mwangalifu zaidi.

Jambo moja la vitendo kwa wanaotaka kujaribu: stima ikipotea ghafla wakati kompyuta inaandika kwenye kadi, kadi inaweza kuharibika, na hapa kwetu stima hupotea mvua za Aprili zinapoanza. Weka programu kwenye kadi yake na nyimbo kwenye flashi au diski ya pembeni inayosomwa tu bila kuandikwa. Kisha fanya nakala nyingine ikae nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine. Yangu iko Nyeri kwa dada yangu, ambaye ameanza kuongeza majina kutoka upande wa mume wake.

Chuo Kikuu cha Kirinyaga kiko hapa hapa Kutus, na kina vijana wanaosomea kompyuta. Ninachokitamani ni meza moja: redio kaseti mbili nzima, laptopu, Raspberry Pi, viti, chai, na siku inayojulikana, tuseme Jumamosi, ili mtu anayetoka Kagio au Wang'uru na mfuko wake wa kaseti ajue pa kwenda. Mwanafunzi ashughulikie nyaya. Mwenye kaseti akae karibu aulizwe nani anaimba, aliinunua wapi, nani alikuwa akicheza. Arudi nyumbani na kaseti zake mkononi na nyimbo zake kwenye kadi. Gharama ya meza hiyo ni ndogo kuliko ya hema la sherehe moja ya mahafali.

Mimi na mama tumeanza namna yetu. Kwa kila kaseti sasa natengeneza faili ya pili, ya mama mwenyewe akieleza kuhusu kaseti hiyo, na naziweka pamoja ili anayefungua moja aione nyingine. Faili ya yule mtu wa Gichugu ni ndefu kuliko wimbo wake. Mama anasimulia harusi ambako aliusikia mara ya kwanza, mvua iliyowafungia ndani, na bwana harusi aliyemkatalia mpiga gitaa ruhusa ya kuondoka. Nilipomchezea alivyosema, alisikiliza mpaka katikati, kisha akaniambia nisimamishe. Harusi ilikuwa Baricho, si Kagio, na ikibaki hivyo watu wa Baricho watamcheka. Tukawasha tena, akaanza upya tangu mwanzo, na safari hii akakumbuka kwamba mpiga gitaa huyo alikuwa na ndugu aliyeoa Kianyaga, ambaye watoto wake bado wapo, na kwamba Jumapili tunaweza kwenda kuwauliza jina lake.